Kiti cha Pili Chumbani kwa Daktari

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi nilizoishi, mwanangu unayesoma haya, ilianza vizuri tu. Nilivaa gauni la kitenge alilonishonea baba yangu mzazi, nikajitanda khanga juu yake, nikakaa kando ya barabara ya vumbi upande wa Isikizya kusubiri gari la kwenda Tabora mjini. Mbali kidogo, akiwa amenipa kisogo kama adabu inavyotaka, alikaa baba mkwe wangu juu ya gunia tupu. Alikuwa anaumwa. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpeleka hospitali, na kusema kweli nilijiona mtu.

Usinicheke. Nilikuwa bado mbichi. Nilizaliwa mjini, binti wa fundi cherehani, katika nyumba ambayo mtu akiumwa tumbo asubuhi, kufikia adhuhuri mtaa mzima unampa pole. Kisha nikaolewa na Maganga, mkulima wa tumbaku na mrina asali, akanipeleka kijijini kwao kando ya ile njia ya zamani waliyopita wapagazi. Huko nikafundishwa maisha upya. Nilifundishwa kwamba mke hamtazami baba mkwe usoni. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeiacha njia, unaingia majanini, unapiga magoti na kuangalia chini mpaka apite. Hukai alipokaa, huli mbele yake, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa mkiwa mahali pamoja. Jina lake pia hulitamki. Hata mtoto wako akirithi jina la babu yake, wewe mama utamtafutia jina jingine la kumwita. Mwanangu wa kwanza amerithi jina hilo, na tangu azaliwe mimi namwita Baba.

Sisemi haya kwa kulalamika. Niliipenda heshima ile, na nilimpenda yule mzee. Alikuwa mrefu, mkimya, na kila alipokaribia nyumba yangu alikohoa kwanza ili nipate muda wa kujiweka sawa. Nilipojifungua, nilisikia kikohozi kile nje, halafu nyayo zikiondoka. Nilipofungua mlango nilikuta kibuyu cha asali kizingitini. Hakuna aliyeniambia kimetoka wapi wala mimi sikuuliza, lakini nililia kwa furaha. Tulipendana kwa namna hiyo, yeye akikohoa na mimi nikipiga magoti.

Ukoo wake ulijivunia kitu kimoja zaidi ya vyote. Mababu zao walikuwa wapagazi. Walibeba mizigo kutoka huku bara mpaka pwani na kurudi, na hadithi zote nilizosikia jikoni kwa mama mkwe zilisifu wanaume waliofika na mabega yamechubuka, midomo imefungwa. Baba mkwe alikuwa mtu wa aina hiyo. Akikatwa na jembe, anafunga kitambaa na kuendelea kulima. Kwa hiyo alipoanza kukaa chini mchana, akishika kiuno, na kuacha jembe limeegemea ukuta, sote tulijua mambo yamemfika shingoni.

Maganga, mume wangu, alikuwa porini kwenye kambi ya asali, mbali, na simu za mkononi hazikuwepo kwetu wakati ule. Shemeji zangu walikuwa wanakausha tumbaku, na moto wa bani, kile kibanda cha kukaushia, hauachwi; ukizidi majani yanaungua, ukipungua yanaoza, jasho la mwaka mzima linapotea. Basi familia ikakaa, ikaona jibu lipo wazi. Mzee Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha kununua ng'ombe na kuulizana bei. Mkwe ni mtoto wa mjini, amesoma, anajua pa kuchukua kadi, anajua kuongea na daktari. Mkwe aende naye.

Niliona fahari. Mama mkwe alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba, akaniambia nimwambie daktari ni mgongo. Alisimama pale kama mtu aliyesahau kitu. Nikamuuliza kama kuna jingine. Akatazama mbali, akasema hakuna, ni mgongo, akarudi nyumbani.

Hospitali unaijua, mwanangu, hata kama si ile. Benchi refu, watu wamebanana, macho yote mlangoni. Tulikaa mpaka jua likahama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Mimi nilikuwa mwisho huu wa benchi na yeye mwisho ule, watu wengi katikati yetu. Muuguzi alipotoka na kuita jina lake, hakuna aliyeitika. Mimi siwezi kuitikia jina lile, na yeye alikuwa hasikii vizuri. Muuguzi akaita tena, akaweka kadi chini ya nyingine. Ikabidi niinuke, nimfuate, nimwoneshe kwa kidole kadi ambayo jina lake siwezi kulitamka. Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Tukaingia. Chumba kilikuwa kidogo, meza moja, kitanda cha kupimia nyuma ya pazia, na viti viwili, cha mgonjwa na cha anayemsindikiza. Vilikuwa vimegusana. Sikuwahi kukaa karibu na baba mkwe namna ile tangu niolewe. Nilikivuta changu nyuma mpaka kikagonga ukuta, nikakaa ubavu, nikavuta khanga mpaka kwenye nyusi.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi, lakini mwenye adabu. Akamwamkia mzee shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, kisha naye akaanza kumjulia hali kama ilivyo kwao. Akamuuliza kwao ni wapi, wazazi wazima, mvua zimenyesha, ng'ombe wana majani. Daktari akajibu yote kwa upole huku akitazama mlango, maana nje kulikuwa na benchi zima. Mwishoni akauliza mzee anasumbuliwa na nini.

Mzee akaielekeza fimbo yake upande wangu bila kugeuka, akasema, "Mkwe ataeleza."

Mkwe akaeleza. Nilieleza, mwanangu, mpaka leo nikikumbuka masikio yanawaka moto. Nilianza na shamba la tumbaku na magunia aliyobeba ujanani. Nikasimulia mgongo ulivyoanza, mafuta ya karanga aliyokandwa, mizizi aliyochemshiwa, barabara ilivyo mbaya, na jinsi gari lilivyotukwamisha njiani. Nilikuwa na maneno mazuri na nilitaka daktari ajue kwamba mzee ametoka kwa watu. Daktari aliandika huku anaitikia kwa kichwa. Halafu akainua uso na kuuliza swali moja tu lililokuwa la maana siku nzima.

"Haja ndogo, mzee, unapata vizuri?"

Nilitazama sakafu. Palikuwa na ufa kutoka mguu wa meza mpaka ukutani, na ninaujua ufa ule kuliko ninavyoijua mistari ya kiganja changu. Nilimsikia anavuta pumzi. Fimbo yake ilisogea kidogo kwenye saruji.

"Nzuri," akasema. "Haina neno. Ni mgongo tu, daktari."

Daktari akaandika vidonge vya maumivu, akamwambia apunguze kazi nzito. Tukatoka. Sisi tuliosubiri kutwa nzima kwa ajili ya chumba kile, tulikaa ndani muda ambao hata uji usingepoa.

Najua unachotaka kuniuliza. Kwa nini sikutoka nje? Nilijiuliza pale pale. Adabu ilikuwa inanivuta nitoke, maana swali kama lile halisikilizwi na mkwe. Lakini nilikuwa nimeagizwa nisimwache, nisikie dawa zinavyonywewa, nisiwe kama wale wanaorudi nyumbani na vidonge mkononi hawajui vya asubuhi wala jioni. Nikabaki. Nilifanya nilichotumwa, na hata leo ukinileta mbele ya wazee sitakubali kwamba nilikosa. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa nimekosa, ningeomba radhi nikapumzika.

Vidonge vilimpa nafuu, kisha vikaishiwa nguvu. Akaanza kukonda. Akawa anatumia muda mrefu nyuma ya nyumba, na sisi wanawake tukimwona anaelekea huko tulihamisha macho, kama tulivyofunzwa. Tukarudi mjini tena, mimi na yeye, yeye sasa akitembea kwa kujikokota.

Siku hiyo, wakati tunasubiri gari pale barabarani, aliniongelesha. Ilikuwa nadra. Aliongea akiwa amegeukia porini, kana kwamba anaongea na miti.

"Maganga atarudi lini?"

Nikamwambia mwezi ujao, wakishamaliza kurina.

"Hawezi kuitwa?"

Nikamwambia kambi iko mbali, na mimi nipo, asiwe na wasiwasi, nitamweleza daktari kila kitu kama mara ya kwanza. Akasema, "Basi." Gari likaja, tukapanda.

Mwanangu, neno lile limekaa kifuani mwangu miaka yote hii. Mzee alikuwa anaomba mtu wa kuongea naye. Aliomba kwa namna pekee aliyoijua, na mimi nikamjibu kama mtu aliyeulizwa ratiba ya mabasi.

Mara hiyo tulimkuta daktari wa kike, binti mdogo wa umri wangu. Nilifurahi, nikaona mwanamke mwenzangu tutaelewana. Sikumfikiria yule mzee, aliyekuwa sasa amezungukwa na wanawake wawili wa rika la watoto wake. Daktari akauliza, mimi nikajibu. Akamwambia mzee alale kitandani ampime. Mzee akasema mgongo hauruhusu kulala. Daktari akasema basi avue shati tu. Akambonyeza uti wa mgongo, mzee akakunja uso bila kutoa sauti. Akaandikiwa vidonge vikali zaidi na kupigwa picha ya mgongo, tukaambiwa mashine siku ile haifanyi kazi, turudi. Hatukurudi. Nauli ilikuwa ngumu, na kazi ya tumbaku ilikuwa haijaisha.

Mara ya tatu hakwenda kwa miguu yake. Aliamka asubuhi akataka kusimama, miguu ikakataa. Shemeji zangu walimbeba kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani, na ni bahati tu kwamba Maganga alikuwa amerejea kutoka porini siku mbili nyuma. Aliingia naye ndani yeye. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, kwa mara ya kwanza.

Maganga alinisimulia baadaye, na alinisimulia mara moja tu. Walimkuta mzee tumbo la chini limejaa na kuwa gumu, mkojo umeziba. Wakamwekea mpira wa kutolea mkojo. Daktari akauliza lile swali la siku zote, Maganga akalitafsiri Kinyamwezi, na mzee akafunguka. Aliongea kama mtu anayetua mzigo. Alieleza kwamba haja ndogo ilianza kumsumbua tangu msimu wa kilimo wa kabla ya ule uliopita, kwamba anainuka usiku mara nyingi na kutoka matone, kwamba ameona damu. Mgongo ulikuja mwishoni kabisa. Daktari alimwambia Maganga kwamba ni saratani ya tezi dume na imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo, ndiyo maana miguu imekufa. Maganga akauliza kama wangefika mapema ingekuwaje. Daktari alisema pengine, lakini alilisema akiangalia kalamu yake.

Alirudishwa nyumbani na mpira ule. Alikufa kabla tumbaku haijapelekwa sokoni. Maumivu yake sitayaeleza, nakuheshimu na namheshimu yeye. Nitasema tu kwamba yule mtoto wa wapagazi aliyefunga mdomo maisha yake yote, siku za mwisho alilia kwa sauti, na sisi wakwe tuliokuwa jikoni tukawa tunatwanga kinu kisichokuwa na kitu ndani ili asijue kwamba tunamsikia.

Matanga yalipokaribia kuanuliwa, mama mkwe aliwaita watoto wake wote na sisi wake zao. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, asiyepandisha sauti. Nilidhani atagawa nguo za marehemu. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Mlimpeleka na mtu asiyeweza kumwambia neno. Mlitafuta anayejua kuongea na daktari. Mngetafuta anayeweza kuongea na mgonjwa."

Shemeji zangu waliangalia mikono yao. Mimi damu ilinichemka. Nilikuwa nimebeba ile safari kwa moyo wangu wote, na sasa nasimangwa mbele ya watu. Siku chache baadaye tulipokuwa wawili tu, tunapembua mchele, nikajitoa mhanga. Nikamwambia kwamba yeye alikuwa analala naye chumba kimoja, yeye ndiye aliyefua nguo zake, kwa nini siku ile mwisho wa shamba hakuniambia.

Hakukasirika. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Ningekuambiaje, mama? Wewe ni mkwe wake."

Akaendelea kupembua, machozi yanadondokea mchele. Nami nikaelewa kwamba maneno ya matanga alikuwa anajisema na yeye mwenyewe. Mzee alinyamaza kwa heshima yangu. Mimi niliangalia sakafu kwa heshima yake. Mama alifunga mdomo kwa heshima yetu sote. Madaktari hawakumlazimisha kuvua nguo kwa heshima ya mvi zake. Hakuna aliyekosa adabu hata mmoja, na mtu akafa.

Miaka imepita. Maganga naye ametangulia, na mimi nimerudi mjini, nipo kwenye nyumba ya baba yangu, cherehani yake bado inanipa kula. Ningeweza kuishia hapa nikakupa wosia wangu na kujifanya mtu aliyejifunza. Lakini nataka kukuambia ukweli.

Mwezi uliopita mwanangu wa kumzaa, yule ninayemwita Baba, alikuja kutoka Igunga anakofanya kazi ya udereva wa lori. Aliniona nimepungua, akakasirika kama watoto wanavyokasirika wakiogopa, akanichukua kwenda hospitali bila kunisikiliza. Tukakaa kwenye benchi. Jina langu likaitwa, tukaingia wote wawili, na humo ndani vilikuwepo viti viwili. Mwanangu akakaa kwenye kile cha pili, simu mkononi, tayari kuandika kila atakachosema daktari. Kijana mzuri. Hakuna mama asiyemtaka.

Daktari akaniamkia, akaniuliza nasumbuliwa na nini. Na mimi, mwanangu, mimi niliyemzika yule mzee, mimi niliyesikia maneno ya mama mkwe kwa masikio yangu, nilifungua mdomo na nikasikia sauti yangu ikisema, "Ni miguu tu, daktari. Inawaka moto."

Miguu yangu inawaka kweli. Lakini chini ya sidiria yangu, upande wa kushoto, palikuwa na uvimbe niliokuwa nimeuficha tangu kabla ya mfungo, na siku za karibuni ulikuwa umeanza kutoa maji. Nilikuwa naweka kitambaa. Nilikuwa namfulia mwanangu mashati aliyokuja nayo, na vitambaa vyangu navifua kando, navianika chumbani. Nilijiambia nitamweleza daktari nikipata nafasi, na sasa nafasi ipo mbele yangu, daktari ameshika kalamu, na mimi naongelea miguu kwa sababu pembeni yangu ameketi mtoto niliyemnyonyesha titi hilo hilo.

Mwanangu wa kiume akadakia, akaanza kueleza: mama anachoka, mama hali, mama anabisha. Alikuwa na maneno mazuri. Nilitazama sakafu. Hii ya siku hizi ni ya vigae, haina ufa, lakini mimi niliuona ule ufa.

Nikasema, "Baba, toka nje."

Akasema, "Mama, nitakusaidia kueleza."

"Najua. Kakae kwenye benchi."

Alitoka ameumia, niliona mabegani mwake. Mlango ulipofungwa nilimwambia daktari kwamba miguu nitaisema mwisho, nikafungua vifungo. Sikumsalimia tena wala kumuuliza kwao. Nilimwambia uvimbe ulianza lini, umekua vipi, maji yana rangi gani, na kwamba mama yangu mdogo alikufa na kitu cha namna hiyo. Maneno hayo niliyasema haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu, na yalipokwisha bado palikuwa na muda. Nikashangaa. Chumba kile ambacho siku zote nilikiona hakina nafasi, kilikuwa na nafasi ya kutosha kwa jambo lenyewe. Daktari akaweka kalamu chini, akanawa mikono, akanipima vizuri. Nikamuuliza anadhani ni nini, asinifiche. Hakunificha. Alisema anahofia saratani, na kwamba watakata kinyama siku ile ile kupeleka maabara, tusubiri majibu, lakini alisema pia kwamba ningekuja mapema ingekuwa nzuri zaidi. Huyu hakuangalia kalamu. Aliniangalia mimi.

Majibu bado. Nakuandikia nikiwa nayasubiri.

Sasa sikiliza, mwanangu, wosia wangu ni mfupi. Utakaa kwenye benchi kutwa, na utaingia ndani kwa muda mdogo kuliko wa kunywa chai. Usiutumie muda huo kusimulia barabara mbovu, wala dawa za mizizi, wala kujionesha kwamba umesoma. Ile aibu yako, lile ulilolificha hata kwa unayelala naye, ndilo liingie la kwanza mlangoni, mengine yafuate kama yatapata nafasi. Daktari akikuuliza hali, usimjibu nzuri kama unavyomjibu jirani. Umekwenda pale kwa sababu si nzuri. Kabla hujainuka muulize anadhani una nini, na dalili gani ikitokea urudi mbio. Akikuambia mashine imeharibika urudi, wewe rudi, hata kwa kukopa nauli.

Na ukiwa wewe ndiye msindikizaji, fungua macho. Mzee wako hatakuambia utoke. Atakuuliza kaka yako anarudi lini, au atasema mgongo, au atasema miguu. Wewe jiulize kama mbele yako anaweza kuvua nguo na kuvua moyo. Kama hawezi, mtafutie anayeweza, na asipopatikana, mwingize, mkalishe, mwambie daktari kwamba upo nje ukihitajika kwa maelezo ya dawa, kisha toka. Kile kiti cha pili kikae tupu. Heshima ya mkwe kwa mzee wake, na ya mtoto kwa mama yake, nililelewa nayo na nitakufa nayo, sikuambii uitupe. Nakuambia uibebe mpaka mlangoni kwa daktari, ukae nayo kwenye benchi.

Nilipotoka siku ile nilimkuta mwanangu amekaa pale pale, simu ameiweka mfukoni. Alinipisha nikae.

"Umemwambia?" akauliza.

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote, Baba."

Hakuuliza ni nini. Alinishika mkono, akageukia ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikamwacha alie. Nilisikia kutoka mahali fulani kwenye korido mzee mmoja anakohoa, na kwa mazoea ya zamani nilijitanda khanga yangu vizuri, nikainamisha kichwa.

Mungu akupe afya, mwanangu, na siku itakapokosekana akupe ulimi mwepesi na sikio la kukusikiliza. Akujalie watu wa kukupenda, na akili ya kujua ni nani kati yao wa kuingia naye ndani. Wazee wako wakiumwa, wapate mbele yako nafasi ya kusema. Nami, majibu yakija, yoyote yatakayokuwa, niombee niyapokee nimekaa wima.